Ongeza Saba

Programu ilihamia mtandaoni Jumatatu, na hadi Jumatano mwenyewe alikuwa bado hajajua imekwenda wapi.

Alikuwa ameuliza. Mpwa wake wa kike alimwambia iko kwenye ghala. Akauliza ghala liko wapi, akaambiwa liko kwenye seva. Akauliza seva iko wapi, binti akacheka na kusema hakuna anayejua, wala hakuna haja ya kujua. Mtu mzima akashika tama. Umekitunza kitu miaka ishirini na miwili, kinachukuliwa na kuwekwa mahali pasipojulikana na yeyote, halafu unaambiwa hayo ni maendeleo.

Watu walimwita Fundi Kabati. Jina lilitokana na programu hiyo hiyo, Kabati, ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: kuwaambia wenye maduka ya dawa ni lini waagize dawa nyingine kabla za kwenye rafu hazijaisha. Maduka mia moja na kumi na manne yaliitumia. Chumba chake cha kazi kilibanwa kati ya fundi cherehani na duka la vifaa vya shule, na mara mbili tatu kwa mwaka aliingia mtu akiulizia bei ya kabati la nguo la milango mitatu. Alikuwa amezoea kuwaeleza kwa upole kwamba lake halina milango.

Miaka yote hiyo Kabati lilikaa mahali panapojulikana. Lilikuwa ndani ya kompyuta yake ya mezani, ile yenye kibodi iliyofutika herufi A, na nakala zake zilikuwa kwenye kompyuta za wateja, kila moja ameipeleka kwa mkono wake, flashi mfukoni. Duka likipata hitilafu, alikwenda. Hitilafu ikiwa ya maduka yote, aliyazunguka yote, na ziara hiyo ilikula miezi miwili. Alimjua kila mwenye duka, na watoto wake wangapi, na nani kati yao ana mdomo.

Sasa chama cha wenye maduka kilikuwa kimekata shauri kwamba zama za flashi zimekwisha. Kabati lifunguliwe kwenye kivinjari, kama watu wanavyofungua habari za mpira, na msimbo wake, yaani ile mistari ya maagizo ambayo ndiyo programu yenyewe, uwekwe wazi kwenye ghala la mtandaoni. Humo mwandishi yeyote wa programu, awe nani, awe wapi, angeweza kuusoma na kupendekeza marekebisho. Kazi ya kuuhamisha alipewa msichana aliyesifiwa na kila mtu, na msichana huyo akawa ni mtoto wa dada yake mdogo.

Alipokuja kumweleza, binti alivuta kigoda na kuanza mbali. Zamani, alisema, intaneti ilikuwa ubao wa matangazo. Mtu anabandika, wengine wanasoma na kupita. Baadaye ikawa soko. Siku hizi imekuwa karakana, na mafundi wa dunia nzima wamo humo wanapiga randa ubao mmoja kwa wakati mmoja. Fundi alijaribu kuiona karakana hiyo akilini, mafundi elfu wameinamia ubao mmoja, na alichokiona ni vidole vinavyokatika. Akasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Binti akasema penye wengi hapaharibiki neno. Wakaachana hapo, kila mmoja na methali yake.

Jumatano asubuhi alifungua kompyuta akakuta mtu anayejiita Panzi ameingia ndani ya Kabati na kubadilisha mistari minne. Aliruka kwenye kiti. Akampigia mpwa wake simu kutaka kujua nani kampa huyo Panzi ufunguo. Akajibiwa hakuna ufunguo; Panzi amependekeza, yeye binti amekagua na kukubali, na ndivyo kazi inavyokwenda. Panzi ni nani? Hajulikani. Anaishi wapi? Hajulikani. Analipwa na nani? Halipwi. Fundi alikata simu akiwa amechanganyikiwa kuliko alipoipiga.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Panzi alikuwa sahihi. Kila mwaka ambao Februari ina siku ishirini na tisa, Kabati lilikuwa linapoteza siku moja. Wenye maduka walikuwa wamelalamika mara tano, naye mara zote tano aliwaambia kompyuta zao zina vumbi. Chini ya marekebisho yake Panzi alikuwa ameandika, "Asante kwa programu nzuri." Fundi aliisoma sentensi ile mara kadhaa akitafuta dharau ilikojificha, asiione.

Saa sita mchana akaja mwingine, anajiita Kobe, na huyu hakubadilisha kitu. Aliuliza tu. Kwenye faili la kuagizia dawa, programu ikishapata jibu la hesabu, huongeza siku saba. Kwa nini saba?

Mpwa wake alimtumia swali lile kwenye simu. Fundi alijibu kwa neno moja: uzoefu. Binti akaandika kwamba sawa, ila kesho asubuhi ataingia kwenye faili lenyewe la hesabu, ambalo hajawahi kulifungua, alisome mstari kwa mstari aone hiyo saba inatoka wapi. Fundi alisoma ujumbe ule, akaiweka simu mezani polepole. Alikuwa amekumbuka kilichoandikwa juu ya faili lile.

Ipo desturi moja ambayo asiye fundi haijui. Ukiweka vistari viwili vya mshazari mwanzoni mwa mstari, kompyuta huuruka mstari huo kana kwamba haukuandikwa. Mafundi hutumia mwanya huo kujiandikia vikumbusho: hapa pana hitilafu, hapa usiguse, hapa nimechoka. Yeye alikuwa na tabia ya kuandika humo yote yaliyomkaa moyoni, maana kompyuta ni yake, chumba ni chake, na nani angesoma? Kwenye faili la mauzo alikuwa amemtukana mwenye nyumba. Hilo halikumtisha, mwenye nyumba anajijua. Lakini faili la hesabu lilianza hivi:

// Hesabu hii ni ya mdogo wangu. Kaiandika jioni moja. Nimemwambia haikufanya kazi.

Mdogo wake huyo ndiye mama wa mpwa. Siku hizi kila mtu humwita Mwalimu, kwa sababu anafundisha hesabu darasa la nne. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza shule, anaishi kwa kaka yake akingoja kujua maisha yatamtupa wapi. Na kaka yake alikuwa amekwama. Kwa miezi mitatu alikuwa akiandika hesabu ya kuagiza dawa: kama ni dawa ya homa fanya hivi, kama ni ya kikohozi fanya vile, kama ni msimu wa mvua fanya vingine. Hesabu ilifika mistari mia nne na bado ilikuwa inadanganya. Jioni moja alirudi kutoka kwa mteja akamkuta mdogo wake chumbani mwa kazi, mbele ya kompyuta, ameandika mistari kumi na miwili. Msichana aliinuka, akampisha kiti, akasema, "Kaka, hebu ijaribu."

Aliijaribu alipobaki peke yake. Ilifanya kazi. Akaijaribu kwa dawa nyingine kumi, ikafanya kazi. Asubuhi msichana alipouliza, alimwambia haikufanya kazi.

Jumatatu iliyofuata wakaja wageni, wenye maduka matatu, wakaitazama programu, wakaichukua. Mdogo wake hakugusa kompyuta tena. Alijiunga na chuo cha ualimu, na mara zote kwenye harusi na misiba, watu waliposifia ukoo wenye vichwa vya hesabu, yeye alisema kwa kicheko kwamba kichwa ni cha kaka, chake yeye ni cha hesabu za watoto. Fundi alikuwa akitazama chini, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Na ile saba? Miezi michache baada ya kuuza, maduka yalianza kulalamika kwamba dawa zinaisha kabla gari la dawa halijafika. Fundi alifungua ile mistari kumi na miwili airekebishe, na hapo ndipo alipogundua kwamba haielewi. Ilikuwa herufi na mabano, mabano juu ya mabano. Hakuielewa siku ile wala mwaka uliofuata, na kumwuliza mwenyewe ndiyo haikuwezekana tena. Basi akaiacha ilivyo, akaenda pembeni, akaongeza siku saba juu ya jibu, ili kila duka liagize wiki moja mapema, kama mtu anayelaza gunia mlangoni maji yasiingie. Kwa maduka mengi ilitosha. Ya mbali yaliendelea kuishiwa, na ya karibu yaliendelea kutupa dawa zilizopitwa na muda. Aliwaambia ndivyo biashara ilivyo.

Kwa hiyo saa nane mchana alifanya kile ambacho fundi yeyote wa rika lake angefanya. Alilifungua faili ghalani, jinsi alivyofundishwa na binti, akaufuta ule mstari. Ukatoka. Kisanduku kikamwuliza amebadilisha nini. Akaandika "Usafi", akabonyeza Tuma, akainuka kwenda kutengeneza chai huku moyo umemtulia kabisa.

Alirudi na kikombe mkononi akakuta ukurasa ambao hajawahi kuuona. Juu palikuwa na jina lake. Chini, peke yake katikati ya weupe mtupu, mstari wake ulikuwa umepakwa rangi nyekundu, na mwanzoni una alama ya kutoa. Mistari mingine yote elfu kumi na moja ya Kabati haikuwepo. Ghala lilikuwa limeifunika yote na kubakiza maneno yale tu, ili mkaguzi na yeyote mwingine mwenye macho waone vizuri ni nini kinachotakiwa kuondolewa. Pembeni paliandikwa: Wafuatiliaji 31 wamejulishwa.

Hakuelewa. Alikuwa amefuta. Kufuta ni kufuta tangu enzi za chaki; kilichofutwa hakipo. Aliufunga ukurasa akaufungua tena, na wekundu ule ule ukamkodolea macho. Akatafuta kitufe cha kufuta kule kufuta, asikione. Akafikiri kidogo, akaona dawa ni kuurudisha mstari mahali pake, maana ukirudi, wekundu utaondoka. Ghala lilimpokea kwa mikono miwili, likamfungulia ukurasa wa pili: mstari ule ule, safari hii wa kijani, una alama ya kujumlisha. Akajaribu kuufuta ule wa kijani. Ukaja ukurasa wa tatu. Wafuatiliaji 31 wamejulishwa. Mfa maji haachi kutapatapa. Fundi aliinama chini ya meza akachomoa waya wa kompyuta ukutani.

Alikaa dakika nzima mbele ya kioo cheusi akiwa na tumaini. Halafu akakumbuka kwamba Kabati halimo tena ndani ya kompyuta ile.

Akafungua ghala kwenye simu. Watu walikuwa wameshaanza kuzungumza. Panzi alisema amepata taarifa tatu na amechanganyikiwa, tunafuta au tunaongeza? Kobe alikuwa na swali, kama kawaida yake. Huyo mdogo wake ni nani? Jina lake halimo kwenye orodha ya waandishi wa programu, na kwa desturi aliyeandika hata mstari mmoja huwekwa. Tumwongeze? Wengine watatu wakaunga mkono. Waliuliza kwa moyo mweupe, na Fundi angefurahi zaidi kama wangemtukana.

Akangoja simu ya mpwa wake. Binti huyu alikuwa mtu wa kupiga simu kwa kila jambo, hata kumwambia ameona mtu njiani anayefanana naye kwa nyuma. Saa tisa hakupiga. Saa kumi hakupiga. Saa kumi na moja na dakika kumi jibu lake lilitokea ghalani, chini ya maneno ya Kobe, mbele za watu wote, na ndani yake hamkuwa na neno Mjomba.

"Pendekezo limekataliwa. Maelezo hayatoshi. Kama yaliyoandikwa si kweli, yafutwe. Kama ni kweli, yabaki, na jina liongezwe."

Aliandika kwamba ni utani wa zamani. Akayatazama maneno hayo, akayafuta kabla ya kuyatuma, na kwa mara ya kwanza siku ile alichokifuta kilifutika kweli. Kisha akampigia.

Binti alipokea. Fundi alisikia feni ya ofisini kwake ikizunguka. Alimwuliza kama mama yake ameona.

"Mama hana habari na ghala," binti akasema. "Na mimi simwambii, Mjomba. Utamwambia wewe."

Alianza kujitetea, akasema ni mambo ya zamani, wewe hata hujazaliwa. Binti alimwacha amalize. Kisha akamweleza kwamba alikuwa akiisoma ile hesabu tangu taarifa ya kwanza ilipomfikia. Mistari mingine elfu kumi na moja ina mkono wa mjomba wake, angeitambua hata gizani, ila ile kumi na miwili haina mkono wake, na hata kama pasingeandikwa kitu juu yake, yeye angeuliza. Hakupandisha sauti. Alisema "Shikamoo, Mjomba" kwa kuaga, maana hakujua aseme nini kingine, na akakata.

Alhamisi Fundi alikwenda shuleni wakati wa mapumziko. Alimkuta mdogo wake kwenye chumba cha walimu, kwenye meza ya pembeni karibu na dirisha, amezungukwa na madaftari, kalamu nyekundu mkononi. Akafurahi kumwona kaka yake. Akamsogezea kiti. Fundi hakukaa. Njia nzima alikuwa amepanga pa kuanzia, na kila alipopapanga palimponyoka, basi akaanza mwisho: kwamba kuna ghala, kuna mstari, na watu thelathini na mmoja wanauliza jina lake. Mwalimu alimsikiliza kama anavyomsikiliza mtoto anayesimulia ugomvi wa uwanjani, akingoja pa kushika.

"Hesabu gani?" akauliza.

Akamwambia ile ya jioni ile. Mistari kumi na miwili.

Kalamu ilisimama juu ya daftari la mtoto wa watu. "Ile ilikuwa na kosa, Kaka."

"Haikuwa na kosa. Nilikudanganya. Ilifanya kazi, na ndiyo inayofanya kazi mpaka leo."

"Ilikuwa na kosa," Mwalimu alirudia, kwa upole, kana kwamba yeye ndiye anayemwomba radhi. "Uliponiambia haikufanya kazi nililitafuta kutwa nzima, nikaliona. Nilisahau siku ambazo gari liko njiani. Niliagiza kama vile watu hawaugui gari likiwa njiani. Nikairekebisha kwenye karatasi. Jumatatu nikaja nayo hadi chumbani kwako, nikakuta una wageni."

Fundi alishika mgongo wa kile kiti alichokataa kukalia.

"Nilisimama mlangoni. Nikakuona unawaonyesha majibu, na wao wanatikisa vichwa kwa kustaajabu. Nikasema moyoni, Kaka kapata ya kwake, nzuri kuliko yangu. Nikarudi nyumbani." Akafunika kalamu kifuniko. "Nilifurahi, unajua. Njia nzima nilifurahi."

Pale ndipo alipoelewa ile saba ilikuwa nini. Ilikuwa gari. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameweka safari ya gari bila kujua kwamba ni safari ya gari, tena siku zile zile saba kwa kila duka, liwe liko karibu na bohari au liko mwisho wa barabara. Akakumbuka mama mmoja mwenye duka la mbali aliyempigia mara nyingi kumwambia kwamba wiki zote za mwisho wa mwezi anawarudisha wagonjwa mikono mitupu, naye akamjibu apunguze kuuza kwa mkopo.

Alisema nisamehe. Alilisema chini chini, mwalimu mwingine alikuwa akichemsha maji pembeni. Uso wa mdogo wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba mtaa aliokulia si ule, ni mwingine, na sasa anajaribu kukumbuka nyumba moja moja. Kengele ikalia. Akakusanya madaftari, akasema ana kipindi. Alipofika mlangoni aligeuka na kumwuliza jambo moja tu, mtu anaingiaje kwenye hilo ghala.

Ijumaa asubuhi Fundi alifungua kompyuta na kukuta pendekezo jipya. Mwandishi alikuwa amejiita Mwalimu wa Darasa la Nne. Kichwa cha pendekezo: Siku za njiani. Katika rangi nyekundu palikuwa na mstari mmoja, ule wake wa kuongeza saba. Katika kijani palikuwa na mistari mitatu. Na penye nafasi ya mkaguzi, mpwa wake alikuwa ameondoa jina lake mwenyewe na kuweka la mjomba wake. Bila yeye kukubali, badiliko haliingii, na maduka mia moja na kumi na manne yanabaki na saba yao.

Akausoma wa kwanza, akauelewa. Wa pili akauelewa kwa taabu. Wa tatu ulikuwa herufi na mabano, na macho yakaanza kuuruka kama yalivyozoea kuruka. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye Kubali. Nani angejua? Hesabu ingekuwa sahihi, aielewe asiielewe. Mpwa wake ameshaipitia, Kobe ameisifu. Angeweza kubonyeza na kuishi miaka mingine ishirini hivyo hivyo. Alikiondoa kidole. Akaandika, mahali ambapo watu thelathini na mmoja wangesoma na ambapo lililoandikwa halitoki:

"Sijaelewa mstari wa tatu. Naomba unieleze."

Haikupita muda. Labda watoto walikuwa kwenye mazoezi.

"Nitakueleza. Kuna kitu na mimi sijaelewa. Kwa nini, Kaka?"

Alilisoma swali lile, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi. Fundi cherehani wa jirani alikuwa akibishana na mteja juu ya urefu wa mkono wa shati. Sababu alikuwa nayo tangu asubuhi ile ya kwanza, hajawahi kuisema hata kwa mkewe, na sasa ilibidi aiseme mbele ya Panzi. Akaandika: "Kwa sababu ulimaliza kwa jioni moja kilichonishinda miezi mitatu, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Niliona aibu. Sina sababu nyingine." Akatuma.

Hata Kobe hakuwa na swali. Fundi alikaa mbele ya ukurasa ule karibu saa nzima, hakunywa chai, hakupokea simu mbili za wateja. Akajiambia hatajibu. Akajiambia ana haki ya kutojibu. Kisha maneno yakatokea.

"Duka linauza chupa nne kwa siku. Gari linachukua siku tano kufika. Uagize rafuni zikiwa zimebaki chupa ngapi?"

Alisoma tena. Akahesabu mezani kwa kidole, nne mara tano, akarudia kwa kuogopa kukosea. Akaandika ishirini. Halafu akautazama mstari wa tatu, na herufi zile zikaanza kukaa mahali pake: hii ni chupa kwa siku, hii ni siku za gari, hii ni kuzidisha. Hapakuwa na kingine humo. Akautafuta ugumu, asiuone.

"Vizuri," Mwalimu akaandika, kama anavyoandika chini ya kila zoezi, na hakuongeza neno.

Fundi Kabati alibonyeza Kubali. Kisha akaufunika uso kwa viganja viwili na kulia, mlango uko wazi, watu wanapita. Siku yoyote katika miaka ile ishirini na miwili angeweza kumwuliza, na ingewachukua dakika tano.